Faida ya kampuni na fungu la mvuvi: jibu kwa mwenye biashara ya samaki Likoni

Swali, kwa ufupi: "Nina kampuni ya samaki huku Likoni, wanahisa ni mimi na ndugu zangu wawili. Tunanunua katika madiko manne wanakoshushia wavuvi samaki wao, wastani wa kilo 400 kwa siku kwa shilingi 350 kwa kilo, na tunaziuzia hoteli za Diani na Nyali kwa wastani wa shilingi 560. Katika kila kilo 100, kama kilo 8 huharibika kabla hazijauzwa. Tuna wafanyakazi 26, na kati yao 14 ni vibarua wa shilingi 900 kwa siku ambao wengi wako nasi tangu miaka miwili iliyopita. Mwaka jana tulibakiwa na faida ya shilingi milioni 3.6. Nataka kampuni hii iwafae watu wetu: wavuvi, akina mama karanga wanaokaanga na kuuza samaki, vijana wa mtaa. Wakati wa kusi huwakopesha wavuvi bila riba, kwa sharti tu kwamba samaki wao waniuzie mimi. Kila wiki huletewa barua za michango. Kaka yangu mkubwa anasema biashara si shirika la misaada, na kwamba nikitaka kutoa sadaka nitoe kwenye fungu langu. Nani ana haki, na nifanyeje bila kuiua kampuni?"

Dada yangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kilichonifurahisha kwanza ni kwamba umeleta hesabu. Wengi wanaoniuliza kuhusu faida na manufaa ya jamii huja na nia njema peke yake, na nia njema isiyo na hesabu haijibiki ila kwa mawaidha. Wewe umeweka bei, kilo na idadi ya vibarua mezani, kwa hiyo nitakujibu kwa hizo hizo; na pale nitakapokukosoa uniwie radhi, kwani nakukosoa nikitaka kampuni yako idumu.

Nianze na kaka yako, kwa sababu anayoyasema si mageni wala si ya kupuuzwa. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Marekani, Milton Friedman, aliandika katika jarida la gazeti la New York Times kwamba wajibu wa biashara kwa jamii ni kuongeza faida yake, na hoja yake kubwa ilikuwa kwamba meneja anayegawa mali ya kampuni kwa mambo anayoyapenda yeye anagawa mali ya wenzake bila idhini yao. Hapo kaka yako ana haki. Faida ile ya milioni 3.6 ni yenu nyote watatu, na ukiigawa kwa uamuzi wako peke yako, hata kwa jambo jema kiasi gani, umetoa sadaka kwa mfuko wa mwenzio. Lakini watu humnukuu Friedman nusu. Yeye mwenyewe aliweka sharti kwamba faida itafutwe ndani ya kanuni, kwa ushindani wa wazi, bila hila wala udanganyifu, na ukilipima sharti hilo kwa uzito wake utaona kwamba biashara nyingi zinazojivunia kutoingiza huruma katika kazi hazijalitimiza hata hilo.

Tena sheria yetu imekwenda mbali kuliko Friedman. Kifungu cha 143 cha Sheria ya Kampuni ya Kenya ya mwaka 2015 kinamtaka mkurugenzi aiendeshe kampuni kwa namna anayoamini kwa dhati kwamba itaifanikisha kwa manufaa ya wanahisa wote, na katika kufanya hivyo azingatie matokeo ya muda mrefu ya maamuzi yake, maslahi ya wafanyakazi, uhusiano na wale wanaoiuzia kampuni na wanaonunua kwake, athari za kazi za kampuni kwa jamii na mazingira, na sifa ya kampuni ya kufanya biashara kwa uadilifu. Kisomeni pamoja, wewe na ndugu zako. Kifungu hicho hakimfanyi mvuvi kuwa sawa na mwanahisa, na wewe usidai hivyo mbele ya kaka yako, kwa kuwa mwanahisa ndiye aliyetangulizwa. Kinachosema ni kwamba mkurugenzi asiyewafikiria wavuvi na vibarua hata kidogo hajaifanya kazi yake ya ukurugenzi. Mwaka 2019 wakuu 181 wa makampuni makubwa ya Marekani walitia saini tamko la kuwatumikia wateja, wafanyakazi, wauzaji, jamii na wanahisa kwa pamoja. Tamko hilo halikuwa na kipimo wala adhabu, na kwa maoni yangu kifungu kimoja kinachoweza kusomwa mahakamani kina nguvu kuliko saini zote zile.

Sasa nakuja kwenye kosa ambalo wewe na kaka yako mnalishiriki, ingawa mnadhani mnapingana. Nyote wawili mnauona wema kama kitu kinachokuja baada ya faida: pesa inaingia, inahesabiwa, kisha mnabishana ni fungu gani litoke. Yeye anasema lisitoke, wewe unasema litoke. Kwa uzoefu wangu wa kuzishauri biashara za hapa pwani, sehemu kubwa ya wema na ubaya wa kampuni imekwisha kutendeka kabla mhasibu hajafika kwenye mstari wa mwisho. Imetendeka katika bei uliyomlipa mvuvi, katika siku ulizomchelewesha, katika mizani, katika mkataba wa kibarua, na katika maji machafu yaliyotoka mlangoni mwako. Niliwahi kuketi katika bodi ya kampuni moja iliyoandaa sherehe ya kukabidhi madawati kwa shule, ikaita wapiga picha, na wiki ile ile wachuuzi waliokuwa wakiiuzia walikuwa hawajalipwa kwa miezi minne. Mmoja wao alikuwa amewatoa watoto wake shuleni kwa kukosa karo. Nilinyamaza katika mkutano ule, na mpaka leo ule unyamavu unanisumbua. Madawati yalikuwa mazuri, lakini yalinunuliwa kwa pesa ya wale wachuuzi.

Kwa hiyo acha kwanza suala la sadaka, tuingie bandani.

Unanunua kilo 400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi kwa mwezi, hizo ni kilo 124,800 kwa mwaka. Asilimia 8 zinazoharibika ni karibu kilo 10,000, na kwa bei yako ya ununuzi ni karibu shilingi milioni 3.5. Tazama tarakimu hiyo na uilinganishe na faida yenu ya mwaka mzima. Mnatupa samaki wenye thamani inayokaribia yote mliyoyapata. Ndugu watatu wanagombania milioni 3.6 iliyomo sandukuni, na milioni 3.5 nyingine inatoka kwa mlango wa nyuma ikinuka.

Samaki hao hawaharibiki bandani kwako. Huwa wameanza kuharibika ndani ya mashua. Kwa joto letu samaki asiyetiwa barafu hupoteza ubora kwa saa chache, na akifika diko saa nne asubuhi baada ya kuvuliwa alfajiri, mashine yako ya baridi inahifadhi hasara iliyokwisha kuingia. Jodari na nguru wana hatari zaidi, kwani wasipopozwa mapema hujenga kemikali inayoitwa histamini, ambayo moto wa jikoni hauiondoi na ambayo humletea mlaji mwasho, kuumwa kichwa na kutapika. Hoteli ikipata wageni watano wa hali hiyo usiku mmoja, mkataba wako umekwisha. Dawa ni barafu kuanzia mtumbwini, tena barafu ya kutosha, ambayo katika joto kama letu hukaribia uzito wa samaki wenyewe, pamoja na makasha yanayotunza baridi. Mvuvi hana sababu ya kubeba mzigo huo baharini kama kilo iliyopoa na kilo iliyolegea zinalipwa bei moja. Na kwako, kwa mujibu wa barua yako, zinalipwa bei moja.

Hapo ndipo penye biashara na penye haki kwa wakati mmoja. Tangaza bei mbili: shilingi 350 kwa samaki wa kawaida, na shilingi 365 kwa samaki aliyefika na barafu. Tuseme, ili tuhesabu kwa upande mgumu zaidi, kwamba wavuvi wote wanahamia bei ya juu; nyongeza hiyo itakugharimu karibu shilingi milioni 1.87 kwa mwaka. Uharibifu ukipungua kutoka asilimia 8 hadi 4, utakuwa na karibu kilo 5,000 zaidi za kuuza, ambazo kwa shilingi 560 ni milioni 2.8. Tofauti ni zaidi ya shilingi laki tisa. Makasha na barafu ya mwaka wa kwanza vitakula nyingi ya hizo, labda zote, na usimfiche kaka yako jambo hilo. Makasha lakini hununuliwa mara moja na hutumika kwa miaka. Mpango huu hauhitaji huruma ya mtu yeyote, na huo ndio uzuri wake. Utabaki hata siku ambayo wewe hupo ofisini.

Nisikudanganye kwamba kila wema hujilipa namna hii. Kuna wema unaogharimu na haurudishi kitu, na kiongozi mkweli huutenganisha na ule wa kwanza, kwa sababu ukiwaahidi wanahisa kwamba kila jambo jema litaleta faida, siku litakapotokea ambalo halikuleta watakunyima yote.

Mfano uko kwa vibarua wako 14, ingawa hapa jina "wema" halifai. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema kwamba kibarua aliyefanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au anayefanya kazi ambayo haitarajiwi kumalizika ndani ya miezi mitatu, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi, pamoja na haki zinazofuatana nao. Watu walioko kwako kwa miaka miwili, basi, si vibarua tena machoni pa sheria, hata kama daftari lako linawaita hivyo. Nimepiga hesabu kwa shilingi 900 kwa siku: likizo ya siku 21 kwa kila mmoja ni karibu shilingi 265,000 kwa mwaka kwa wote, na mchango wa mwajiri wa asilimia 6 kwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, pamoja na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ni karibu shilingi 295,000. Jumla ni kama shilingi 560,000, bila posho ya nyumba, ambayo sheria inaidai pale isipokuwa tayari imo katika mshahara. Hiyo ni pesa nyingi kwa kampuni yenye faida ya milioni 3.6, nami najua. Lakini ni deni, dada yangu, na faida iliyopatikana kwa kutolipa deni haikuwa faida; milioni 3.6 ile, ikihesabiwa sawasawa, ilikuwa kama milioni 3. Mwambie kaka yako kwamba hesabu hii umeiweka mezani ili hata Friedman akiifungua asikute hila ndani yake.

Jambo la mikopo ya kusi ndilo lililonisumbua zaidi katika barua yako, na nitakaa hapo kidogo.

Umeniandikia kwa moyo safi kwamba huwakopesha bila riba wakati bahari imechafuka, ili wasilale njaa, kwa sharti tu kwamba samaki wao wakuuzie wewe. Neno lile "tu" ndilo lenye uzito wote. Unajua vizuri kuliko mimi jinsi tajiri wa zamani alivyofanya katika madiko yetu: hutoa wavu, hutoa mafuta, hutoa unga wa mwezi wa Juni, hasemi riba, kisha kaskazi ikiingia na bahari ikatulia, samaki wakawa wengi, mvuvi hawezi kumpelekea mwingine hata kama mwingine anatoa shilingi 40 zaidi kwa kilo. Riba imo ndani ya bei. Mvuvi aliyekopa shilingi 20,000 na akakuuzia kilo 1,500 kwa bei iliyo chini ya soko kwa shilingi 40 amekulipa shilingi 60,000, na bado mkopo wenyewe anadaiwa. Siamini kwamba ulikusudia hivyo. Lakini mvuvi hulipa kinachopimwa kwenye mizani, sio ulichokusudia moyoni.

Ningekushauri utenganishe deni na bei. Mvuvi unayemdai alipwe bei ile ile anayolipwa asiyedaiwa, deni likatwe kidogo kidogo kwa kiwango kilichoandikwa, kwa mfano shilingi 30 kwa kila kilo, naye apewe karatasi inayoonyesha limebaki kiasi gani. Na siku likiisha, awe huru kumuuzia amtakaye. Utaogopa kwamba watakukimbia. Wachache watakwenda, ndiyo, na waliobaki utajua wamebaki kwa nini: kwa sababu unalipa papo hapo diko, mizani yako ni ya kweli na barafu ipo. Baadaye, mkishazoeana na mpango huo, badala ya kukopesha kila kusi, wasaidieni kuweka akiba wakati wa kaskazi, kilo kwa kilo, katika chama chao cha akiba na mikopo ambacho wewe huna mkono ndani yake, ili Juni wachukue chao wenyewe. Utapoteza shukrani zao za kila mwaka, na hiyo ni hasara kwa mtu mwema, kwa kuwa shukrani ni tamu. Nakuomba uikubali.

Mzigo wa kulipa papo hapo unajua unatoka wapi: hoteli zinakulipa baada ya siku 60 au 90, na wewe unakuwa benki kati ya jiko la kitalii na mtumbwi. Viongozi wengi wa biashara huushusha mzigo huo kwa aliye dhaifu kuliko wao, kwa kuwa mvuvi hawezi kushtaki. Jaribuni kuupandisha. Nendeni kwa hoteli zenu mbili kubwa na samaki mwenye barafu, mwenye karatasi inayoonyesha diko na siku aliyovuliwa, na muombe siku 30 badala ya nyongeza ya bei. Meneja wa ununuzi ambaye hawezi kupandisha bei mara nyingi anaweza kufupisha siku, na kwako siku ni mtaji.

Kuhusu maji yanayotoka bandani sitasema mengi, ila hili. Mombasa tuna somo ambalo hatuna ruhusa ya kulisahau. Katika kijiji cha Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilileta ajira na pesa za kigeni, na kikaacha sumu ya madini ya risasi katika damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho na ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, aliongoza madai ya wakazi na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama hapa Mombasa iliwaamulia wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya safari ndefu ya rufaa Mahakama ya Juu iliirejesha fidia hiyo Desemba 2024. Damu na matumbo ya samaki si risasi. Hata hivyo utaratibu wa mawazo ni mmoja: mtaro uko nje ya hesabu zetu, kwa hiyo kinachopita humo si chetu. Chimbeni shimo la kuchujia, matumbo muwape wenye kutengeneza chakula cha kuku au mbolea, kabla hamjachangia chochote kwa mtu yeyote. Na katika hilo hilo la kutodhuru, msinunue samaki wachanga wala waliovuliwa kwa juya lililopigwa marufuku, hata siku ambayo friza ni tupu. Bwana samaki, yule afisa wa uvuvi, hayupo kila asubuhi, lakini wewe upo.

Akina mama karanga ndio swali gumu kuliko yote, na sina jibu lililokamilika. Ukiwalipa wavuvi vizuri na papo hapo, samaki wengi watakujia wewe, na wewe unapeleka hotelini. Mama anayekaanga tafi na changu wadogo kando ya barabara ili mtu wa Likoni apate kitoweo cha jioni atakuta diko limekauka, au bei imempita. Hapa faida haipigani na jamii. Watu wawili wa jamii moja wanavutana, na kampuni yako imesimama katikati ikimwinua mmoja kwa kumsukuma mwingine. Vitabu vingi vya uongozi huzungumza kana kwamba jamii ni mtu mmoja mwenye haja moja. Msiwaamulie. Kaeni na wakuu wa BMU, chama cha usimamizi wa ufuo, wa kila diko pamoja na akina mama wenyewe, mkubaliane fungu la samaki wa kila siku ambalo kampuni yako hainunui, mathubuti, kwa kilo na si kwa huruma ya asubuhi hiyo. Friza moja ya zamani pia unaweza kuitenga kwa ajili yao kwa ada ndogo inayolipia umeme na matengenezo, ili samaki aliyebaki jioni asiuzwe kwa hasara.

Sababu ya kusisitiza waamue wenyewe iko karibu nawe. Gazi, kule Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja uliozinduliwa mwaka 2013 huuza vyeti vya hewa ya ukaa inayotunzwa na mikoko ya hekta 117, na wanakijiji ndio wanaoamua pesa iende wapi. Imekwenda kwenye maji na shule. Mikoko hiyo hiyo ndiyo malezi ya samaki unaowauza.

Sasa barua za michango. Nimeziacha nyuma makusudi, kwa sababu ni jambo dogo linalojifanya kubwa. Wekeni kiwango mara moja kwa mwaka, kwa azimio la wanahisa wote watatu, tuseme asilimia 3 ya faida baada ya kodi. Mkubaliane mambo mawili tu ambayo fungu hilo litayahudumia, na mengine mjibu kwa adabu kwamba fungu limekwisha. Anayetaka kuchangia mazishi ya jirani achangie kwa mfuko wake, kama kaka yako anavyosema, na kuna sababu ya kihesabu pia: mchango wa kampuni huondolewa katika hesabu ya kodi pale unapokwenda kwa taasisi ya hisani iliyosajiliwa na kusamehewa kodi, lakini wa mazishi ya jirani unatoka kwenye faida ambayo tayari imetozwa asilimia 30. Kadhalika msiguse mtaji kwa ajili ya sadaka, hata mara moja. Wazee wetu wa Mji wa Kale waliolitoa duka au nyumba kuwa wakfu walilielewa hili bila shule ya biashara: mali yenyewe haiguswi, kodi ya pango lake ndiyo inayohudumia msikiti na madrasa, kizazi baada ya kizazi. Wangeiuza nyumba na kugawa pesa mwaka ule ule, wangesifiwa mwaka ule ule.

Kaka yako atauliza yote haya yatachukua muda gani. Mpeleke Bamburi siku moja ya Jumapili. Mwaka 1971 kampuni ya saruji ilimpa René Haller, mtaalamu wa kilimo, kazi ya kuyarudishia uhai machimbo yake, mahali palipokuwa jiwe tupu la matumbawe na jua. Alijaribu miti ya aina nyingi na michache ndiyo iliyoshika, mivinje ikiwa mbele. Majani yake yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wakayasaga kuwa udongo. Watu waliruhusiwa kuingia kutembea mwaka 1984, miaka 13 baadaye. Mimi huwaonyesha wakurugenzi mambo mawili pale kabla ya twiga: kampuni ilianza na jeraha ililolitia yenyewe, na kazi ilikuwa na mtu mmoja anayeulizwa, sio kamati ya sherehe. Kampuni yenu nayo imteue mmoja, na kila miezi mitatu alete karatasi moja yenye tarakimu nne mbele ya wanahisa: asilimia ya samaki walioharibika, bei ya wastani aliyolipwa mvuvi, jumla ya madeni ya wavuvi, na siku ambazo hoteli zilichelewa kulipa. Faida ikae kwenye karatasi hiyo hiyo, si nyingine.

Anzeni na diko moja, na muanze kabla ya Aprili, kusi haijaanza kuvuma na wavuvi hawajaanza kuja kukopa. Chagueni lile lenye wadaiwa wengi zaidi, kwa sababu huko ndiko mtakakojua mapema kama wanabaki kwa hiari. Siku ya kwanza, kabla bei mpya haijatangazwa, geuzeni mizani. Katika mabanda mengi niliyopita uso wake humtazama mnunuzi, na mvuvi huambiwa tu kilo ngapi. Imtazame yeye, na karani asubiri mpaka asome mwenyewe kwa sauti ndipo aandike.